Msimu Mezani: Rangi za Matunda na Kazi Yake Mwilini

Kuanzia Novemba, malori yanayoingia Dar es Salaam usiku kutoka Tabora, Morogoro na Rufiji huwa yamesheheni maembe. Alfajiri mzigo unashushwa Buguruni, Mabibo na Temeke Sterio, na jua linapopanda wauzaji wa rejareja wamekwisha kupanga mafungu juu ya magunia: maembe dodo manene ambayo ukijani wake umeanza kugeuka njano, maboribo marefu yanayonukia kabla hujayafikia, na sindano ndogondogo za kunyonya. Wiki chache nyuma embe moja kubwa liliuzwa peke yake. Sasa pesa ile ile inanunua fungu zima, na muuzaji akiona mteja anasita anaongeza moja la bure.

Hiki ndicho kipindi ambacho tunda humfaa mlaji kuliko wakati mwingine wowote. Bei iko chini, tunda limekomaa mtini kabla ya kuchumwa, na ladha yake imekamilika. Tena msimu wa embe ukiisha nchi haibaki mikono mitupu. Yapo machungwa ya katikati ya mwaka, mabibo ya kusini, maparachichi ya nyanda za juu, zambarau, mapera na matikiti, na kila moja linakuja na rangi yake. Familia inayokula kinachojaa sokoni kila mwezi hujikuta, mwaka unapoisha, imepata mchanganyiko wa virutubisho ambao hakuna tunda moja linaloweza kuutoa. Haikuhitaji vidonge, wala matunda yaliyosafirishwa kutoka bara jingine.

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mbogamboga kwa siku. Kiasi hicho hugawanywa katika sehemu tano za gramu 80 kila moja. Ndizi moja ya wastani ni sehemu moja. Nusu ya embe dodo kubwa nayo ni sehemu moja au zaidi. Kipande cha papai cha upana wa kiganja ni nyingine, na mchicha au matembele ya mchana na jioni humalizia zilizobaki. Hesabu si ngumu, lakini wengi hawaifikii. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la tiba la Lancet ulikadiria kuwa vifo milioni 11 duniani mwaka 2017 vilihusiana na ulaji mbaya, na upungufu wa matunda ulikuwa miongoni mwa sababu tatu za juu, pamoja na chumvi nyingi na uhaba wa nafaka zisizokobolewa.

Katika nyumba nyingi tatizo linaanzia kwenye mazoea. Tunda huhesabiwa kuwa kitu cha mtoto, cha mgonjwa au cha mgeni. Sahani ya wali na maharage ikishaliwa, mlo umekwisha, hata kama mpera uliopo uani umeinamisha matawi kwa uzito.

Rangi inatoka wapi

Tunda changa ni la kijani kwa sababu lina klorofili, kitu kile kile kinachoyapa majani rangi yake. Katika hatua hiyo ni gumu, kali na lenye ugwadu, na hiyo ni kinga: mbegu zilizomo ndani bado hazijawa tayari, kwa hiyo mti haufaidiki tunda likiliwa mapema. Mbegu zikikomaa mambo hubadilika kwa haraka. Klorofili inavunjika, wanga unageuka sukari, ukali unapungua, na rangi zilizokuwa zimefichwa chini ya ukijani zinajitokeza huku nyingine zikitengenezwa upya. Ndege na nyani wanaona, wanakula, na kwenda kuziangusha mbegu mbali na mti uliozizaa.

Makundi mawili ya rangi ndiyo yanayofanya kazi kubwa. La kwanza ni karotenoidi, zinazotoa rangi ya njano, ya chungwa na baadhi ya nyekundu. La pili ni anthosianini, zinazotoa wekundu uliokolea, zambarau na weusi. Mti hauzitengenezi kwa ajili ya urembo peke yake, kwani nyingi huusaidia pia kujikinga na jua kali. Zikiingia katika mwili wa binadamu, baadhi yake zina kazi inayojulikana waziwazi. Nyingine bado zinachunguzwa, na ni vizuri kuzitenganisha hizo mbili.

Njano ya embe na papai

Kazi inayojulikana kuliko zote ni ya betakarotini, iliyomo katika embe, papai na matunda mengine yenye nyama ya njano iliyokolea. Mwili huigeuza kuwa vitamini A, ambayo inahitajika ili jicho lione kwenye mwanga hafifu, na ili ngozi pamoja na utando wa ndani wa pua, koo na utumbo uwe imara dhidi ya vijidudu.

Upungufu wake huanza kimyakimya. Mtoto aliyekuwa akikimbia vizuri mchana anaanza kujikwaa magharibi inapoingia, kwa sababu haoni kwenye giza kidogo. Asiposaidiwa, jicho hukauka, kioo chake huingia vidonda, na anaweza kupofuka moja kwa moja. Ndiyo maana Tanzania hutoa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka kwa watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59. Matone hayo ni muhimu na hayapaswi kukosekana. Chakula cha kila siku ndicho kinachoshikilia hali hiyo kati ya dozi moja na nyingine, na papai bivu lililopondwa kwa uma ni miongoni mwa vyakula rahisi vya kumwanzishia mtoto aliyefikisha miezi sita.

Jicho la mnunuzi linaweza kusaidia hapa. Embe likikatwa, nyama yenye rangi ya chungwa iliyokolea kwa kawaida ina karotini nyingi kuliko nyama ya njano iliyopauka. Embe bichi lile linaloliwa kwa chumvi na pilipili shuleni lina karotini kidogo, ila vitamini C yake ni nyingi kuliko ya embe lililoiva. Yote mawili yana faida, kila moja kwa upande wake.

Karotini huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo mwili huipokea vizuri zaidi tunda likiliwa karibu na chakula chenye mafuta kidogo. Kipande cha embe baada ya mchicha ulioungwa kwa karanga au samaki wa nazi kinamfaa mlaji kuliko kile kile kilicholiwa peke yake kwenye tumbo tupu.

Pera lililodharauliwa

Mtu akienda kumjulia hali mgonjwa hospitalini, mara nyingi mfuko aliobeba una epo na zabibu. Ni ukarimu wa kweli, na epo ni tunda zuri lenye nyuzinyuzi. Lakini kwa vitamini C, epo haliwezi kusimama mbele ya pera. Majedwali ya virutubisho yanaonyesha kuwa gramu 100 za pera zina takriban miligramu 228 za vitamini C. Chungwa lina kama 53 kwa kiasi hicho hicho, papai kama 60, na epo halifikishi hata 5. Mtu mzima anahitaji miligramu 45 kwa siku kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo. Pera moja la kawaida, la kuokotwa chini ya mti, linamaliza haja hiyo na kubakiza.

Pwani ya Afrika Mashariki ina historia yake katika suala hili. Aprili 1498, meli za baharia Mreno Vasco da Gama, zikiwa njiani kwenda India, zilitia nanga nje ya Mombasa zikiwa na mabaharia wanaougua kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Fizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea, vidonda vya zamani hufunguka, na mwisho ni kifo. Mtawala wa Mombasa aliwapelekea kondoo pamoja na machungwa mengi, malimau na miwa. Shajara iliyoandikwa katika safari hiyo inasema wagonjwa wote walipona walipofika hapo, na mwandishi wake akaisifu hali ya hewa ya mji. Leo ni rahisi kuona kwamba sifa zilistahili kwenda kwenye machungwa.

Wakirudi kutoka India walikaa baharini takriban miezi mitatu, kuanzia Oktoba 1498. Watu wapatao 30 walikufa kwa kiseyeye katika kipande hicho cha safari, na kila meli ilibaki na mabaharia saba au wanane tu wenye nguvu za kufanya kazi. Walipofika Malindi Januari 1499, nahodha alimtuma mtu pwani alete machungwa, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wakiyalilia. Kwa wengine msaada ulichelewa. Mabaharia waliobaki walikuwa wachache mno kuendesha meli zote, hivyo mojawapo, São Rafael, ikachomwa moto na kuachwa.

Ilichukua karibu miaka 250 mpaka daktari wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, alipowagawa mabaharia wagonjwa katika makundi mwaka 1747 na kulipa kila kundi tiba tofauti. Waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu kabla ya wenzao wote. Vitamini yenyewe ilitambuliwa katika karne ya 20, na Albert Szent-Györgyi wa Hungaria alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1937 kwa sehemu aliyochangia katika ugunduzi huo.

Binadamu hawezi kuitengeneza vitamini C mwilini mwake, wala hawezi kuiweka akiba kwa muda mrefu. Inahitajika kila siku, na ndiyo maana mfululizo wa misimu una maana: chungwa linapopungua, pera au embe liwepo kushika nafasi. Faida yake haiishii kwenye fizi. Vitamini C huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, kunde na mboga za majani, na kwa mama mjamzito au msichana anayepata hedhi nyingi jambo hilo lina uzito mkubwa. Chungwa, pera au hata ndimu iliyokamuliwa juu ya maharage husaidia. Chai inayonywewa pamoja na chakula hufanya kinyume, kwa sababu inazuia ufyonzaji wa chuma, hivyo ni heri isubiri saa moja au mbili.

Mtwara na Lindi wana hazina nyingine inayofanana na hiyo. Mabibo, yaani matunda yanayoshikilia korosho, yana vitamini C nyingi mara kadhaa kuliko chungwa. Kila msimu wa korosho, mengi hubaki mikorosho ikishatoa mali yake na kuoza chini, au hutengenezewa pombe ya uraka. Wenyeji wana njia ya kuyakausha na kupata kochoko, na watafiti wa kilimo wa Naliendele wamekuwa wakifundisha namna ya kutengeneza juisi na jamu. Ule ukakasi unaokaba koo hupungua mabibo yakichemshwa kidogo kwenye maji au mvuke kabla ya kutumiwa.

Nyekundu ya tikiti, weusi wa zambarau

Wekundu wa tikiti maji, wa papai la nyama nyekundu na wa pera lenye moyo wa waridi unatokana na laikopini, ndugu wa karotini asiyegeuka kuwa vitamini A. Watu wanaokula kwa wingi vyakula vyenye laikopini, nyanya ikiwemo, wameonekana katika tafiti mbalimbali kuwa na matatizo machache zaidi ya moyo. Hata hivyo si rahisi kusema ni laikopini peke yake inayofanya kazi hiyo, kwa kuwa tunda lina maji, potasiamu, nyuzinyuzi na vitu vingine vingi vinavyofika mwilini kwa pamoja.

Ufini ilitoa somo kubwa kuhusu hilo. Wanaume zaidi ya 29,000 waliokuwa wavutaji wa sigara walishiriki katika jaribio ambalo baadhi yao walipewa vidonge vya betakarotini kwa miaka kadhaa, kwa matumaini kwamba vingewakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yalipotolewa mwaka 1994, waliomeza vidonge hivyo walikuwa wamepata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Karotini iliyomo kwenye embe haijawahi kuonyesha madhara ya namna hiyo. Kinachouzwa kwenye chupa kwa jina la rangi ya tunda si sawa na tunda lenyewe, na mtu asiyeandikiwa na daktari hana sababu ya kukikimbilia.

Zambarau ni tunda la siku chache. Hujaa karibu na mwaka mpya, likapimwa kwa vikombe pembezoni mwa barabara, na baada ya muda mfupi halionekani tena. Nyama yake yenye ukakasi na utamu huacha ulimi na midomo ikiwa na rangi ya buluu iliyoiva, na rangi hiyo ndiyo anthosianini yenyewe. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita Mombasa mwaka 1331, aliandika juu ya ndizi na malimau ya kisiwa hicho, kisha akataja tunda aliloliita jamuni, linalofanana na zeituni, lenye kokwa kama yake na utamu mwingi. Maelezo hayo yanalingana na zambarau, na kama ndivyo, tunda hilo limekuwa likiwatia watoto wa pwani rangi midomoni kwa karibu karne saba.

Unga wa kokwa za zambarau hutajwa sana kuwa tiba ya kisukari. Ushahidi uliopo hautoshi kumfanya mgonjwa aache dawa zake, na aliyezianza hospitalini aendelee nazo. Tunda lenyewe ale kwa raha zake na kwa kiasi.

Matunda yasiyojionyesha

Rangi ni mwongozo mzuri, lakini haielezi kila kitu. Parachichi halina wekundu wala njano ya kuvutia, ilhali limejaa mafuta yanayofaa moyo, nyuzinyuzi na potasiamu. Likikatwa pamoja na papai au embe, mafuta yake ndiyo yanayousaidia mwili kuichukua karotini ya mwenzake. Ndizi mbivu nayo ina nyama nyeupe, na potasiamu yake, sambamba na kupunguza chumvi, husaidia kuweka shinikizo la damu mahali pake. Stafeli na topetope ni vyeupe ndani, vina vitamini C, na vinashibisha.

Ubuyu ni mfano wa rangi inayoweza kumpoteza mlaji. Unga wake wa asili ni mweupe unaoelekea maziwa, mchachu, wenye vitamini C na nyuzinyuzi nyingi. Ule mwekundu mng'avu unaouzwa kwenye vifuko umepikwa kwa sukari na kutiwa rangi na viungo. Ni mtamu, na watu wa pwani wana haki ya kuupenda, ila wekundu ule haukutoka kwenye mbuyu. Anayetafuta faida ya ubuyu aanze na mweupe, aukoroge kwenye maji au uji, na sukari aitie kwa kidole.

Mwaka mmoja sokoni

Misimu hutofautiana kati ya pwani na milimani, na mvua zikichelewa kila kitu husogea. Kwa ujumla, mwaka wa matunda Tanzania huenda hivi. Novemba hadi Februari ni wakati wa maembe, na mananasi ya Kiwangwa, Bagamoyo, hujaa pembeni mwa barabara. Desemba na Januari Lushoto hushusha plamu na pichi, matunda ya nchi za baridi yaliyopata makazi kwenye milima ya Usambara. Masika yanapoingia hadi katikati ya mwaka, maparachichi kutoka Rungwe, Njombe na Kilimanjaro huongezeka.

Juni hadi Agosti ni zamu ya machungwa na machenza. Muheza, mkoani Tanga, ndiyo inayotajwa kwanza, na machungwa yake husafiri mpaka Nairobi na Mombasa. Ngozi yake mara nyingi hubaki ya kijani hata yakiwa yameiva, kwa sababu joto la pwani haliruhusu ukijani wote kuondoka, kwa hiyo asiyeyajua asiyakatae kwa rangi ya nje. Kiangazi kikishika, matikiti hupatikana kwa wingi, na kuanzia Septemba mabibo huiva kusini. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Ndizi na papai hazina likizo, na hizo ndizo za kuziba pengo katika wiki ambazo soko limepoa.

Kuiva kwenyewe na kuivishwa

Ndizi huchumwa zikiwa zimekomaa lakini mbichi, kisha huvundikwa. Njia ya wazee ni shimo au pipa lililotandikwa majani ya mgomba, mikungu ikapangwa ndani, ikafunikwa na kutiwa moshi. Joto na gesi iitwayo ethilini, ambayo tunda lenyewe huitoa na moshi nao huwa nayo, huharakisha kuiva. Njia hiyo haina ubaya. Nyumbani mtu anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kufungia maembe kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi moja mbivu.

Ubaya uko kwenye kabaidi, kemikali ya viwandani ambayo baadhi ya wafanyabiashara katika nchi mbalimbali huitumia kwa kukimbilia soko la mwanzo wa msimu, bei ikiwa bado juu. Ikikutana na unyevu hutoa gesi ya asetilini, inayofanya kazi kama ethilini. Kabaidi hiyo inaweza kuwa na masalia ya aseniki na fosforasi, ambazo ni sumu, na India imepiga marufuku kuivishia matunda. Embe lililoivishwa hivyo huwa na njano ya aina moja pande zote, halinukii kwenye kikonyo, na likikatwa ndani ni gumu na chachu. Mnunuzi anayesubiri wiki mbili tatu, msimu ukajaa, hupunguza hatari hiyo, kwa sababu bei ikishashuka hakuna faida ya kulilazimisha embe.

Matunda yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka hata kama ganda litatupwa, kwani kisu hubeba uchafu wa nje na kuuingiza ndani. Vipande vya papai, tikiti na nanasi vinavyouzwa kwenye vikombe vya plastiki vituoni ni vitafunio bora kuliko soda na andazi, mradi vimefunikwa, vimekatwa siku ile ile, na muuzaji ana maji ya kunawa.

Tunda zima au juisi

Glasi moja ya juisi ya machungwa inahitaji matunda matatu au manne. Mtu hayali machungwa manne kwa dakika mbili, lakini juisi yake huinywa bila kuhisi. Nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu zimebaki kwenye chujio, na mara nyingi vijiko vya sukari vimeongezwa juu yake. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, liliihesabu sukari ya juisi pamoja na ile ya kuongeza, likashauri zote zisizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku, na ikiwezekana zishuke chini ya 5. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima haikuwekwa katika kundi hilo.

Mwenye kisukari naye ana nafasi mezani. Tunda zima, kwa kiasi cha sehemu moja kila mara, kikiwa sehemu ya mlo na kikipangwa pamoja na mhudumu wake wa afya, humfaa kuliko kujinyima kabisa. Pera, chungwa na papai ni mwanzo mzuri kwake. Mgonjwa wa figo aulize kwanza, kwa sababu potasiamu ya ndizi na parachichi inaweza kumzidi. Balungi nalo huingiliana na baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za kupunguza lehemu, hivyo anayezitumia amweleze mfamasia kabla ya kulila.

Maembe yakizidi, yanaweza kukatwa vipande vyembamba na kukaushwa chini ya kivuli chenye upepo au kwenye kikaushio cha jua kilichofunikwa. Jua la moja kwa moja hupausha karotini. Vitamini C nyingi hupotea katika ukaushaji, lakini sehemu kubwa ya karotini hubaki, na mtoto wa shule anaweza kubeba embe la Desemba kwenye begi lake mwezi Aprili. Achari na chatine nazo huokoa maembe mabichi yaliyoangushwa na upepo.

Kwa mwenye uwanja, hata mdogo, kuna hatua nyingine zaidi. Mpapai huanza kuzaa ukiwa na takriban mwaka mmoja, mpera baada ya miaka miwili au mitatu, na mwembe wa kubebesha baada ya miaka kama mitatu, wakati ule wa kokwa huweza kumchosha mtu kwa kusubiri. Miti hiyo mitatu pamoja na mlimau mmoja hugawana miezi ya mwaka, na rangi kadhaa zinapatikana bila kutoka nje ya ua. Miche iliyobebeshwa hupatikana kwenye vitalu vya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na kwa wazalishaji wengi wa miche mijini. Shimo la sentimita 60 kila upande, samadi iliyooza vizuri iliyochanganywa na udongo wa juu, na maji ya jioni katika kiangazi cha kwanza ndiyo mahitaji makubwa. Mpapai uliopandwa mwanzoni mwa masika ya mwaka huu unaweza kuwa na matunda ya kuchumwa kabla masika ya mwaka ujao hayajaisha.